Mvuvi wa trauti hahitaji mkoba mzito

Kwa Mhariri,

Wiki tatu zilizopita gazeti lenu lilichapisha makala kuhusu namna ya kutumia siku za mapumziko, na miongoni mwa mambo yaliyotajwa ulikuwamo uvuvi wa trauti, samaki wa mito ya baridi, kwa nzi wa manyoya, yaani ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu, katika mito inayotoka Nyandarua na Mlima Kenya. Nilifurahi mno, kwa kuwa ni nadra kuukuta mchezo huu ukizungumzwa kwa Kiswahili, na nikamwita mke wangu nimsomee aya mbili za mwanzo. Furaha hiyo ilipungua nilipofika kwenye orodha ya vifaa iliyowekwa pembeni mwa ukurasa: nyuzi tatu za aina mbalimbali, fito mbili za kaboni, vigurudumu viwili vya kuzungushia mshipi, kizibao chenye mifuko kumi na minne, suruali ya mpira inayofika kifuani, miwani ya pekee, wavu, na visanduku vya kutosha nzi mia mbili. Nilizijumlisha zile bei kwa kalamu, na jumla yake ilizidi mshahara wa miezi kadhaa wa mwalimu wa shule ya msingi.

Siku mbili baadaye nilikutana sokoni na kijana mmoja niliyemfundisha darasa la saba, ambaye sasa ni fundi wa pikipiki. Tulisalimiana, kisha akaniambia, “Mwalimu, nilikuwa nimepanga kukuomba unifundishe kuvua, lakini nimeona gazetini kwamba ule mchezo si wa watu kama sisi.” Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nikuandikie. Sina shaka kwamba mwandishi wa makala alikuwa na nia njema, na huenda yeye mwenyewe huvua kwa vifaa hivyo na huvifurahia. Hata hivyo, ile orodha ilieleza kinachouzwa dukani, na msomaji asiyejua angeamini kwamba ndicho kinachohitajika mtoni. Mambo hayo mawili yako mbali sana, na ningependa wasomaji wako wajue yalivyo mbali.

Tofauti kati ya uvuvi huu na ule uliozoeleka ni moja tu, na mtu akishaielewa mengine yote yanafuata. Mvuvi wa mshipi wa kawaida, awe wa Lamu au wa Ziwa Victoria, hutegemea chubwi, yaani kile kipande cha risasi au jiwe kinachouvuta mshipi hadi pale chambo kinapotakiwa kufika. Nzi wa manyoya hana uzito wa maana. Ukimrusha kwa mkono huanguka miguuni pako kama jani kavu. Kwa sababu hiyo uzito ulihamishiwa kwenye mshipi wenyewe: mshipi unaotumika kwa ufito wa wastani una uzito wa gramu 9 hivi katika mita 9 zake za mwanzo, na hizo gramu 9 zilizotandazwa ndizo zinazoupinda ufito unapourudisha nyuma, ufito unapojinyoosha ukausukuma mshipi mbele, mshipi ukajikunjua hewani, na mwishoni kabisa, mahali palipofungwa uzi mwembamba wa nailoni ambao samaki hauoni kwa urahisi, nzi akatua juu ya maji kama mdudu aliyechoka kuruka. Hakuna chubwi, hakuna boya, hakuna chambo cha kuchimba. Ujuzi wote umo katika kungoja. Ukishaurudisha mshipi nyuma ni lazima uupe nafasi ya kunyooka kabla ya kuuleta mbele, na ukikosa subira ya hiyo nusu sekunde, mshipi unakuangukia mabegani. Hakuna duka linalouza hiyo nusu sekunde.

Kuhusu samaki mwenyewe, trauti hukaa ameelekeza kichwa upande maji yanakotoka, aghalabu nyuma au mbele kidogo ya jiwe, mahali ambapo kasi ya mkondo imepungua na hahitaji kutumia nguvu nyingi kujishikilia, huku mkondo unaopita ubavuni mwake ukimletea wadudu. Wengi wa wadudu hao huishi chini ya mawe wakiwa viluwiluwi, na baadhi yao hujijengea vijumba vya chembe za mchanga na vijiti vilivyogandishwa pamoja. Geuza jiwe lolote katika mto safi wa huku kwetu, utawaona wakijikunyata kuikwepa nuru. Anayevua kwa nzi wa manyoya hufanya kazi moja tu: anatengeneza kitu kinachofanana kiasi na mdudu huyo, na kukileta kwa samaki kwa mwendo ule ule wa maji. Ndiyo maana mtu aliyekaa robo saa akiutazama mto kabla ya kuingiza ufito majini huwa amefanya sehemu kubwa ya uvuvi wake.

Najua kwa nini mchezo huu umevikwa joho la kitajiri. Trauti si samaki wa asili wa nchi yetu. Waliletwa mwaka 1905 na mlowezi Ewart Grogan, aliyeagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka ziwa la Loch Leven kule Scotland na kuwapandikiza katika Mto Gura; miaka michache baadaye wakaletwa trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini. Mwaka 1948 kilianzishwa kituo cha kuzalishia samaki wa maji baridi hapo Kiganjo, na kutoka huko vifaranga vimekuwa vikipelekwa mitoni. Katika miaka yote ya ukoloni mchezo huu ulikuwa wa walowezi na wageni wao, na sisi wenyeji wa mito tulikuwa wa kubeba mizigo. Desturi zao za mavazi na mikoba zilibaki hata baada ya wenyewe kuondoka, na wengi wetu tukaziona kuwa ni sehemu ya uvuvi.

Uvuvi wenyewe ni mkongwe kuliko walowezi, tena ulianza bila mikoba. Aelian, mwandishi wa dola ya Roma aliyeishi yapata miaka 1,800 iliyopita, alieleza jinsi Wamakedonia walivyokuwa wakivua katika mto uitwao Astraeus. Waliizungushia ndoana sufu nyekundu, wakafunga juu yake manyoya mawili ya jogoo yenye rangi ya nta, kisha wakaifunga kwenye mshipi wa urefu wa futi 6 na ufito wa futi 6. Vifaa vyao viliishia hapo, na samaki wao walikuwa na madoadoa kama hawa wa Gura. Kila nikikumbuka habari hiyo naona kwamba mvuvi yule angeweza kuketi nami kando ya Mto Chania na tukavua pamoja bila kuhitaji mkalimani.

Nina sababu yangu ya kuyasema haya kwa mkazo. Nilipostaafu ualimu mwaka 2013 nilianza kuvua kwa njia ile ile iliyopendekezwa katika makala yenu. Sehemu ya kiinua mgongo changu niliitumia kununua vifaa katika duka moja mjini, ambako muuzaji alinihakikishia kwamba bila aina thelathini za nzi nisingepata kitu. Kwa miezi minne nilikuwa nikienda mtoni kila Jumamosi. Nilifungua visanduku, nikabadilisha nzi, nikabadilisha uzi, nikafuta miwani, nikatafuta mkasi katika mfuko wa tatu na kuukuta katika wa tisa. Samaki nilipata mmoja, mdogo kama kidole cha shahada, nikamrudisha majini. Nilirudi nyumbani nikiwa na uchovu wa mtu aliyeshinda ofisini, na sikuelewa kwa nini, ilhali nilikuwa nimekaa siku nzima mahali pazuri kuliko pote ninapopajua.

Aliyenitoa katika hali hiyo ni mzee mmoja wa kijijini kwetu, ambaye sasa ni marehemu. Kabla ya uhuru, akiwa kijana, aliajiriwa kuwabebea walowezi mikoba na nyavu zao, na baada yao aliendelea kuvua peke yake kwa muda wa miaka hamsini. Alinikuta Februari moja, wakati ambapo maji ya Chania ni machache na safi kiasi cha kuweza kuhesabu mawe ya chini. Alisimama nyuma yangu kwa muda mrefu bila kusema, kisha akaniuliza kwa Kikuyu ni kitu gani nilichokuwa nikitafuta katika kile kizibao. Nikamwambia natafuta nzi mwenye bawa la kijivu. “Mwalimu,” akasema, “samaki yupo pale nyuma ya lile jiwe lenye kuvu. Amekula mara tatu tangu nifike, na hukumwona hata mara moja.”

Aliniomba nikivue kizibao na kukitundika kwenye tawi. Aliniachia ufito, mshipi, na nzi watatu, ambao niliwachomeka kwenye ukosi wa sweta. Kisha akaniketisha juu ya nyasi na kunikataza nisivue. Tulikaa hapo, nadhani, karibu nusu saa. Mwanzoni sikuona kitu zaidi ya maji yanayopita. Baadaye niliona kwamba maji hayakuwa kitu kimoja: palikuwa na ulimi wa mkondo wenye kasi, na pembeni yake ukanda laini uliokuwa ukienda polepole, na mahali vilipokutana povu lilijipanga mstari mmoja mwembamba uliopita sawia na lile jiwe. Kila kilichoanguka majini, jani, ua, mdudu, kilivutwa kwenye mstari ule. Halafu nikaiona pua ya samaki. Ilitokeza kama ncha ya kidole gumba, ikanywa kitu kutoka kwenye povu, ikazama bila kishindo, na mviringo ukaenea hadi ulipofutwa na mkondo. Moyo ulinienda mbio kama wa mtoto. Nilipomuuliza mzee alijuaje mambo yale yote, alinijibu kwamba siku za ujana wake mabwana walitazama visanduku vyao, naye, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa mizigo yao na hakuwa na la kufanya, alitazama maji.

Samaki yule nilimpata kwa mrusho wa nne. Alikuwa trauti wa kahawia wa urefu wa kama shibiri moja na nusu, tumbo la rangi ya siagi, na ubavuni madoa mekundu yaliyozungukwa na weupe. Mzee alilowesha mkono wake kwanza, kwa maana mkono mkavu huuondoa ute unaoikinga ngozi ya samaki, akamshika chini ya tumbo bila kumbana, akaichomoa ndoana kwa vidole viwili, akamshikilia ndani ya maji akiwa ameelekea mkondo hadi aliponyanyuka mwenyewe na kwenda zake. Sikukivaa tena kile kizibao.

Naomba nisieleweke vibaya. Sikusudii kusema kwamba vifaa vyote ni upuuzi, wala kwamba umaskini wa vifaa ni sifa njema kwa wenyewe. Mshipi mzuri ni jambo la maana, na mtu mwenye fedha chache afadhali azitumie kwenye mshipi kuliko kwenye kitu kingine chochote, kwani mshipi uliopasuka hautiririki hata ufito ukiwa wa thamani. Gambuti zenye soli inayoshika ni jambo la usalama, kwa sababu mawe ya mito yetu yana utelezi na maji yake ni ya baridi kali. Anayevua ndani ya hifadhi ya Nyandarua anapaswa kufuata maagizo ya askari wa wanyamapori, maana huko tembo na nyati hunywa maji katika mito ile ile. Na leseni ya uvuvi wa burudani ni sharti la sheria, si kifaa cha kuchagua. Nikiyaondoa hayo, kilichobaki katika ile orodha ni mapambo. Wahenga wetu walisema mchagua jembe si mkulima, na sijaona mahali msemo huo unapofaa zaidi kuliko kando ya mto, ambako mchaguzi anaweza kuinamia kisanduku asubuhi nzima huku samaki wakila mbele yake.

Ushahidi kwamba jambo hili linawezekana hauko kwangu na kwa marehemu mzee peke yetu. Nchini Japani kuna uvuvi wa mito ya milimani uitwao tenkara, ambao hautumii kigurudumu chochote. Mshipi hufungwa moja kwa moja kwenye ncha ya ufito, ambao kwa kawaida una urefu wa mita 3 na nusu hivi na uzito usiofika gramu 100, na mwisho wa mshipi kuna uzi mwembamba na nzi mmoja. Waliouendeleza walikuwa wakazi wa milimani waliovua kwa ajili ya riziki na kuwauzia samaki wenye nyumba za wageni. Kwao kila dakika ya kuhangaika na vifaa ilikuwa dakika ya hasara. Watu wa Marekani walianza kuufuata uvuvi huo kwa wingi baada ya mwaka 2009, na mmoja wa walimu wake wanaojulikana sana, Hisao Ishigaki, amevua kwa miaka mingi akitumia umbo moja tu la nzi, la uzi mweusi na unyoya wa kahawia wa jogoo. Samaki wakikataa, habadilishi nzi. Hubadilisha pembe, kina, mwendo, au mahali anaposimama, yaani hubadilisha kile kilicho ndani ya uwezo wake kama mvuvi.

Niliposoma habari hizo nilikata mwanzi uliokuwa umeota ukingoni mwa shamba langu, nikauanika darini kwa miezi mitatu hadi ukawa wa manjano, nikaulainisha mafundo kwa msasa, na kuifunga ncha yake kwa uzi wa cherehani uliopakwa nta, nikiacha kitanzi cha kushikia mshipi. Ni mzito kidogo kuliko ule wa Kijapani, na baada ya saa mbili mkono huuma, lakini katika vijito vyembamba, ambako miti imeinamiana juu ya maji na hakuna nafasi ya kuurudisha mshipi mrefu nyuma, unafanya kazi kuliko ule ufito wangu wa dukani.

Nzi nao nawatengeneza mezani jikoni, jioni, baada ya vyombo kuondolewa. Ndoana naibana kwenye koleo dogo, na mpini wa koleo naufunga kwa mpira ili usifunguke. Naanza kwa uzi mweusi karibu na tundu la ndoana, nauzungusha ukirudi nyuma hadi pale ndoana inapoanza kujipinda, kisha nikirudi mbele, mizunguko ikilala bega kwa bega, hadi mwili unakuwa mnene mbele na mwembamba nyuma. Unyoya nautoa shingoni mwa jogoo wetu mwekundu, mmoja mwembamba wenye nywele ngumu zinazong’aa. Naufunga kwa shina lake, nauzungusha mara tatu au nne, na nywele zinasimama kuizunguka ndoana kama miale. Hapo namalizia kwa fundo na tone la nta. Kazi yote huchukua muda usiozidi dakika sita, na gharama yake ni ndoana peke yake. Mjukuu wangu wa kike, mwenye umri wa miaka tisa, hutengeneza walio nadhifu kuliko wangu kwa sababu vidole vyake ni vyembamba na hana haraka. Mwezi uliopita alimpa mmoja wa nzi wake mwili wa unyoya wa kanga, wenye vidoa vyeupe, na sijapata kuona trauti wakimkimbilia nzi namna ile.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini nishughulike hivi kwa jambo la burudani, wakati gazeti lina mambo mazito ya kuchapisha. Jibu langu liko kwenye mto. Trauti hawezi kuishi katika maji ya joto wala maji machafu. Maji yakikaribia nyuzi joto 20 za Selsiasi anaanza kutaabika, na tope likizidi hufunika kokoto ambamo hutaga mayai yake. Mtu aliyezoea kukaa kando ya mto akiwa hana la kuchezea mikononi huyaona mabadiliko hayo mapema kuliko mtu mwingine yeyote. Mimi nimeiona sehemu moja ya Chania, iliyokuwa ikinifika kiunoni mwezi wa Januari, ikishuka hadi magotini, na nimeona mahali mikaratusi ilipopandwa hadi ukingoni kabisa na chemchemi iliyokuwa juu yake ikakauka. Nimeona pia shamba ambalo mwenyewe aliing’oa mikaratusi, akaacha ukanda wa miti ya asili na nyasi, na baada ya misimu miwili maji ya mvua yakaacha kuingia mtoni yakiwa mekundu. Mito hiyo ndiyo inayonywewa na miji, ndiyo inayokwenda Tana, ndiyo inayomwagilia mpunga wa Mwea. Tungekuwa na vijana mia moja katika kila kata wenye fito za mianzi na mazoea ya kuyatazama maji, tope lisingeingia mtoni bila mtu kujua limetoka shamba gani.

Kwa sababu hiyo inaniuma mtu anapowaambia vijana hao kwamba mlango umefungwa hadi watakapokuwa na fedha. Fundi wa pikipiki ana vidole vyenye akili kuliko vyangu, anajua kusikiliza injini na kutambua kwa mlio wake ni wapi palipolegea, na subira hiyo hiyo ndiyo inayotakiwa mtoni. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba anaweza kuanza na alicho nacho.

Ninaliomba gazeti lako mambo mawili. La kwanza, mkiandika tena kuhusu uvuvi huu, mtumeni mwandishi wenu akakae mtoni na mmoja wa wenyeji wanaovua, na wako, katika mito ya Mathioya, Gura, Thiba na Sagana, aandike anachokiona pale badala ya kunakili katalogi. Nami niko tayari kumpokea na kumpa mahali pa kulala. La pili, mwaulize wanaohusika na leseni ni kwa nini kijana wa kijijini alazimike kusafiri hadi ofisi ya mbali kutafuta karatasi ya kumruhusu kuvua katika mto unaopita chini ya shamba la mama yake. Ikiwa leseni ingepatikana katika kituo cha chifu, au katika vyama vya watumiaji maji ambavyo tayari vipo kwenye mito mingi, watu wengi wangeichukua kwa hiari, na mito ingepata walinzi waliojiandikisha wenyewe.

Yule kijana nilimpelekea ufito wa mwanzi Jumapili hiyo hiyo, pamoja na mshipi wangu wa zamani na nzi watatu waliotengenezwa na mjukuu wangu. Tumekwenda mtoni mara mbili. Mara ya kwanza mshipi ulimwangukia mabegani kwa muda wa saa nzima. Jumamosi iliyopita nilimketisha kwenye nyasi, kwenye ukingo ule ule nilioketishwa mimi, na sikumwambia lolote kuhusu jiwe lenye kuvu. Baada ya dakika ishirini alinyoosha kidole, akanong’ona, “Mwalimu, pale.”

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu,
Tetu, Nyeri